Chumvi ya Bei Rahisi

Iko bei rahisi inayotutia mashaka. Tajiri mwenye ghala kubwa hapa Kindu aweza kuuza chumvi chini ya bei aliyoinunulia, hata wachuuzi wadogo wafunge meza zao. Kisha, treni kutoka Kalemie ikikawia, aipandishe apendavyo. Ufaransa ilikataza kuuza tena bidhaa kwa hasara tangu mwaka 1963. Kwetu sheria ya tarehe 9 Julai 2018 yamwachia mwuzaji kupanga bei yake, lakini yamkataza mkubwa wa soko kuutumia vibaya ukubwa wake. Mama auzaye samaki wa Lualaba kwa hasara jioni, wasije wakaoza, huyo hana kosa: hata Wafaransa waliviachilia vyakula vinavyoharibika upesi.