Mwendo wa Mtu na Mzigo Wake

Mtu akisimama asubuhi kando ya barabara ya Busia, upande wa Kenya, ataona wabebaji wa kila namna wakielekea Uganda au wakitoka huko. Akina mama wana mabeseni ya dagaa na mafurushi ya nguo vichwani. Vijana husukuma baiskeli zilizolemewa na mikungu ya ndizi. Na watu ambao miguu yao ilidhoofishwa na ugonjwa wa kupooza huendesha kwa mikono baiskeli za magurudumu matatu zilizojaa bidhaa. Wote hupita njia moja, lakini hakuna wawili waendao sawasawa. Mwenyeji humtambua jirani yake kwa mbali, kwa hatua zake tu, kabla ya kuuona uso.

Wataalamu wameuchunguza utambuzi huo. Mwaka 1973 Bwana Gunnar Johansson wa Uswidi aliwafunga watu taa ndogo katika viungo vyao na kuwatembeza gizani, na waliotazama wakajua mara moja kwamba ni mtu anayetembea, ijapokuwa hawakuona ila nukta za mwanga. Miaka minne baadaye Cutting na Kozlowski wa Marekani walionyesha kwamba rafiki aweza kutambuliwa kwa nukta hizo hizo mara nyingi kuliko ingekuwa kwa kubahatisha. Na mwaka 2019 François Hug na wenzake walipima umeme wa misuli ya miguu ya watu 80 walipokuwa wakitembea na walipokuwa wakikanyaga baiskeli. Kompyuta iliyofundishwa ikaweza kumtambua karibu kila mmoja kwa jinsi misuli yake ilivyokaza na kulegea kwa zamu. Basi hata wale vijana wa baiskeli waliowavusha abiria kati ya vituo viwili vya forodha, ambao kwao neno bodaboda lilizaliwa mpakani hapo katika miaka ya 1960 na 1970, kila mmoja alikuwa na namna yake ya kukanyaga, ingawa baiskeli zilifanana.

Tofauti hizo zina gharama, na gharama hiyo huonekana mzigo unapotwikwa. Mwaka 1980 Profesa C. R. Taylor wa Marekani na wenzake walipima hewa ya oksijeni iliyotumiwa na panya, mbwa, watu na farasi waliokimbia na mizigo. Kwa wote hesabu ilikuwa moja: uzito ukizidi kwa sehemu moja katika kumi, nguvu zinazotumika nazo huzidi kwa sehemu moja katika kumi. Ilidhaniwa kwamba hiyo ndiyo kanuni ya viumbe wote.

Kumbe haikuwa hivyo kwa kila mtu. Profesa G. M. O. Maloiy wa Nairobi, pamoja na huyo Taylor na wengine, aliwapima akina mama wa Kiluo, wabebao kichwani, na wa Kikuyu, wabebao mgongoni kwa ukanda upitao kwenye paji la uso. Matokeo yalitangazwa mwaka 1986. Mama aliweza kubeba mzigo wa asilimia 20 ya uzito wake bila kutumia nguvu zaidi ya zile za kutembea mikono mitupu. Kwa mama wa kilo 60, hizo ni kilo 12 za bure. Zikizidi hapo, gharama huanza kupanda.

Mwaka 1995 Heglund na wenzake walieleza sababu. Mtu anapotembea, mwili hupanda juu ya mguu uliokanyaga, kisha huanguka kidogo mbele. Kile kimo alichopata hugeuka kuwa mwendo wa hatua inayofuata. Kwa mtu wa kawaida kama theluthi mbili ya nguvu hizo hurudi, na zilizobaki hupotea. Akina mama hao walipotwikwa mzigo walipoteza nguvu chache kuliko hapo: hatua zao ziliokoa nguvu nyingi kuliko walipokuwa hawana kitu.

Habari hiyo ilienea upesi, na wengine wakaifanya hoja kwamba mwanamke wa Kiafrika ameumbwa kubeba. Hoja hiyo ni mbovu. Mwaka 2010 Ray Lloyd na wenzake walipima wanawake 24 wa Kixhosa huko Afrika Kusini: 13 waliozoea kubeba kichwani kwa miaka kumi au zaidi, na 11 wasio na mazoea hayo. Mzigo wa kichwani haukuwa rahisi kuliko wa mgongoni, wala mazoea hayakuleta unafuu ulioonekana. Lililoonekana ni tofauti kubwa kati ya mtu na mtu. Mmoja alitumia nguvu chache kwa kichwa, mwingine kwa mgongo, ingawa walikuwa wa kabila moja. Tena wengi waliona maumivu ya shingo, jambo ambalo kipimo cha oksijeni hakilionyeshi.

Mkulima hashangai. Anajua kwamba ng'ombe wawili wa zizi moja wakifungwa nira, mmoja huenda mbele na mwingine huburuta, na mfereji hupinda. Hulazimika kuwabadilisha mpaka apate wanaolingana hatua. Lakini mkulima huyo huyo atampa kila mpagazi gunia lile lile.

Wapagazi wa Nepal, waliopimwa mwaka 2005, ni mashuhuri kuliko wote: wanaume walikuwa wakibeba, kwa wastani, asilimia 93 ya uzito wao katika njia za milima. Gunia la mahindi la kilo 90, kama lilivyozoeleka Kenya, ni asilimia 150 ya uzito wa mpagazi wa kilo 60 anayepakia lori Malaba. Kwa mwenzake wa kilo 80 ni asilimia 112 na nusu. Wote wawili hulipwa kwa gunia.