Modyuleta za polima: wanunuzi wataka umri, si volti

Wenye fedha wanaokimbilia hisa za polima za mwanga wanapimiwa bidhaa kwa volti. Hicho si kipimo cha mnunuzi.

Modyuleta ni kifaa kidogo kinachoandika data juu ya mwanga wa leza kabla haujaingia katika nyaya za nyuzi za kioo. Mwanga hugawanywa njia mbili, umeme huchelewesha njia moja, na zikikutana tena mwanga hung'aa au huzimika. Kwa miaka mingi kazi hiyo imeshikwa na fuwele ya lithiamu niobeti, kwa volti kadhaa. Aprili 2000, watafiti wa vyuo vikuu vya Southern California na Washington walitangaza katika jarida la Science kwamba polima yao inatosheka na volti 0.8. Faida yake si ya kubeza: volti zikipungua nusu, umeme unaoliwa hushuka hadi robo.

Mwaka huo huo ilianzishwa kampuni ya Lumera, huko huko Washington, kuuza ujuzi wa polima. Kisha soko la mawasiliano likaporomoka. Mwaka 2001 JDS Uniphase, kigogo wa vifaa vya mwanga, ilitangaza hasara ya zaidi ya dola bilioni 50. Lumera iliungana na GigOptix mwaka 2008.

Lakini kulaumu soko peke yake ni kujidanganya. Polima hupashwa moto chini ya umeme mkali ili molekuli zake zielekee upande mmoja, kisha hupozwa zikiwa hivyo. Joto likirudi, huanza kulegea, na volti zinazohitajika hupanda. Kampuni ya simu inayotaka kifaa kikae kazini miaka 20 itamlipaje muuzaji wa namna hiyo?

Hata hoja ya volti imepata mshindani. Mwaka 2018 watafiti wa Harvard walionyesha modyuleta za lithiamu niobeti nyembamba zinazoendeshwa kwa volti ndogo za chipu za kawaida.

Lightwave Logic, iliyoingia Nasdaq mwaka 2021, inazinadi polima kwa vituo vya kompyuta, ambako mitambo hubadilishwa mapema kuliko ile ya chini ya bahari. Huko nafasi ipo. Mwenye hisa aombe kwanza matokeo ya majaribio ya sentigredi 85 kwa saa 2,000, yakionyesha volti zilikuwa ngapi mwanzo na ngapi mwisho.