Labo ya IBM na kobalti yetu

Mwezi wa 12 mwaka 2019, wanasayansi wa IBM, kampuni ya Marekani, walitangaza batri mpya. Ndani hamna kobalti, hamna nikeli. Vitu vyake, walisema, vinaweza kutolewa katika maji ya bahari. Hapa Kamina ni watu wachache waliosikia. Na kumbe habari ile ilituhusu sisi kuliko watu wa New York.

IBM inajulikana kwa mashine za kuhesabu. Lakini tangu 1945 inalipa watu ambao kazi yao si kuuza kitu, ni kutafuta tu. Labo yake ya Zurich, kule Uswisi, ilipata Nobel mbili zikifuatana, 1986 na 1987. Sisi mukrezeri akikosa jiwe, siku hiyo watoto wanalala njaa. Wale wanalipwa hata mwaka ambao shimo lao halina kitu. Mwaka 2013 wakafungua labo ya kwanza ya Afrika, Nairobi, kwenye Chuo Kikuu cha Kikatoliki. 2016, Johannesburg. Kwetu kwenye madini yenyewe, apana.

Januari ya mwaka ule ule 2019, IBM ilijiunga na Ford, LG Chem na Huayou Cobalt kujaribu kitabu cha kompyuta, blokucheni: kila mwenye kushika muzigo anaandika, na kilichoandikwa hakifutiki kwa siri. Kobalti ya majaribio ilitoka mine kubwa ya Kongo, ikapita Korea Kusini, ikafika Marekani. Mukrezeri hakuwa ndani, walisema atafuata. Sawa, hakifutiki. Lakini nani anaandika mustari wa kwanza, pale shimoni? Kama huyo anadanganya, uongo wake ndio utakaotunzwa vizuri kabisa. Na mustari wa mushahara, wa mutu aliyevunjika muguu, uko ukurasa gani?

Ile batri ya bahari siyo inayotupiga leo. Inayotupiga ni batri ya chuma na fosfati, ambayo viwanda vya China vinatia katika motokari nyingi. Nayo haina kobalti. Februari 2025 Kinshasa ilifunga kobalti isitoke. Oktoba ikaweka kipimo, tani 96.600 kwa mwaka, 2026 na 2027. Bei ilipanda, tulifurahi. Lakini bei ikipanda sana, mutu wa labo naye anapata sababu nzuri ya kutafuta njia ya kutuacha. Hilo wakubwa wetu hawalisemi katika redio.

Batri ya chuma bado inataka litiumu, na litiumu iko Manono, kwa majirani zetu wa Tanganyika. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina kituo cha kusomea batri tangu 2022. Ni kidogo, lakini kipo. Basi sisi wa sendika tunaomba kifungu kimoja katika mikataba ya Manono: kampuni ilipe labo huku huku, na kijana wa Haut-Lomami aliyesoma kemia aingie kwa mulango wa mbele, asiingie kama sentineli.