Damu yetu ipimwe, isihukumiwe kwa pasipoti

Katika siku za kuchangia damu hapa Doha, miongoni mwa wageni wanaojitokeza wamo pia Wakenya, Waganda na Watanzania: walinzi, madereva, wahudumu wa hoteli. Kama ilivyo katika nchi nyingine zisizo na malaria, kuna swali ambalo sisi hatulikwepi: umetoka wapi, na umewahi kuugua malaria?

Tuseme wazi kwamba swali hilo ni la haki. Malaria hupita katika damu, na madaktari waliandika tukio la kwanza la namna hiyo mwaka 1911. Aliyekulia Kigoma, Busia au Lira na kuugua mara kwa mara hujijengea kinga ya kiasi, hivyo anaweza kubeba vimelea vichache bila kuhisi homa. Aina moja, Plasmodium malariae, huweza kukaa mwilini kwa miongo ya miaka. Jokofu la damu nalo haliviui vimelea mara moja.

Mgonjwa wa Doha atakayepewa damu hiyo huenda hana kinga hata kidogo. Homa ikimpanda, daktari anaweza kuchelewa kufikiria malaria kwa mtu ambaye hajasafiri popote. Kuchelewa huko kunaua.

Hoja yetu ni kuhusu kinachofuata baada ya jibu. Marekani, mwaka 2020, ilipunguza muda wa kusubiri kwa msafiri aliyetembelea eneo la malaria kutoka mwaka 1 hadi miezi 3, lakini aliyekuwa mkazi wa huko akaachiwa miaka 3. Uingereza yenyewe imekuwa ikitumia kipimo cha kingamwili: mtu husubiri miezi kadhaa, hupimwa, na akionekana salama huchangia.

Hispania nayo ina funzo. Ilipopokea wahamiaji wengi wa Amerika ya Kusini, ilikabiliwa na ugonjwa wa Chagas, ambao pia huletwa na kimelea na hupita katika damu. Sheria yake ya mwaka 2005 iliruhusu damu ya watu hao ipokelewe iwapo kipimo kitaonyesha hawana maambukizi.

Kipimo cha kingamwili kina kasoro. Kingamwili hubaki muda mrefu baada ya mtu kupona, kwa hiyo wazima wengi hukataliwa bure. Lakini mwezi Machi 2024 Marekani iliidhinisha kipimo cha wachangiaji kinachotafuta vinasaba vya kimelea chenyewe. Njia ipo.

Kwa nini tusumbuke? Kwa sababu selimundu haipo Afrika tu, ipo Ghuba pia, na wagonjwa wake wengi huhitaji damu mara kwa mara. Wanapopewa damu isiyolingana nao vizuri, miili yao huanza kuikataa. Mwenye asili ya Afrika mara nyingi hupata damu inayomfaa zaidi kwa mwenye asili kama yake. Tukifungiwa mlango sote, wanaoumia kwanza ni watoto wetu wenyewe.

Tena pasipoti haisemi kitu. Mkenya aliyeishi Nairobi maisha yake yote hana hatari sawa na wa Kisumu. Zanzibar imeishusha malaria mpaka chini ya asilimia 1. Mzungu au Mqatari aliyerudi jana kutoka mbugani anaweza kuwa na vimelea kuliko mlinzi ambaye hajaenda likizo miaka mitatu.

Tunachoomba kwa benki za damu za Ghuba ni haya: ziulize mtu aliishi wapi na lini, zimpime, na zimweleze kwa lugha anayoielewa, Kiswahili kikiwemo. Zaidi ya yote, zimhakikishie kwamba majibu hayatamfikia mwajiri. Mfanyakazi anajua kwamba kipimo cha afya cha kuingilia nchini kinaweza kumrudisha kwao. Akihofia kazi yake, atadanganya kwenye fomu, na hatari itaingia kwa mlango wa nyuma.

Nasi ndugu zetu wa Sanaiya na kwingineko tutimize wajibu. Ukirudi kutoka likizo, taja tarehe ya kweli. Ukiwa uliugua malaria huko nyumbani, sema. Ukiambiwa subiri, subiri, kisha urudi. Sadaka ya damu huanza na ukweli wa mtoaji.