Mgombea wa CWT, usituulize ukoo, tuoneshe hesabu

Wadau, mimi si mwalimu, ni mwandishi tu. Lakini hili la uchaguzi wa Chama cha Walimu Tanzania (CWT) siwezi kulinyamazia, maana nimechoka kusikia swali lile lile kila msimu ukifika huku Tarime na Serengeti: "Huyo mgombea ni wa wapi?" Ni Mnchari au Mwirege? Ni Mngoreme au Mwikoma?

Jamani, tangu lini ukoo ukapandisha mwalimu daraja?

Ukitoka Tarime kwenda Mugumu kwa njia ya Nyamongo unapita shule nyingi, na ndani yake wapo walimu waliozaliwa Kigoma, Kilimanjaro, Mbeya. Serikali ndiyo imewaleta. Ukichagua kwa koo, hao wote umewaambia wakae kimya walipe. Na kulipa wanalipa kweli! Kwa miaka mingi mwalimu mwanachama amekatwa asilimia 2 ya mshahara wake. Piga hesabu: mwenye mshahara wa shilingi 800,000 anaacha 16,000 kila mwezi, 192,000 kwa mwaka. Shule yenye walimu 10 wa aina hiyo ni 1,920,000. Sasa zidisha kwa shule za wilaya nzima. Hivyo si vijisenti. Tena Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa nafasi hata asiye mwanachama akatwe ada ya uwakala, pale chama kinapokuwa na wanachama wengi mahali pa kazi.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa mgombea ni hili: kiasi gani kinarudi wilayani, na kinafanya nini? Akianza kuzungukazunguka, huo ni usanii. Mwambie asante kwa soda yake, kura umnyime.

Swali la pili: unajua sheria au unajua kelele tu? Tukumbuke mgomo wa Julai 30, 2012. Madai yalikuwa mazito: nyongeza ya mshahara kwa asilimia 100, posho ya kufundishia, posho ya mazingira magumu. Nani anayejua maisha ya mwalimu wa kijijini angeyapinga? Lakini Agosti 2 Mahakama Kuu, Kitengo cha Kazi, ikasema mgomo si halali, utaratibu haukufuatwa. Walimu wakarudi darasani. Hasira ilikuwepo, haki ya kudai ilikuwepo, kilichowaangusha ni makaratasi. Kiongozi asiyesoma makaratasi atakupeleka vitani bila risasi.

Swali la tatu ndilo linalowaudhi wengi: ukimaliza hapa unakwenda wapi? Margaret Sitta aliwahi kuwa rais wa chama hiki, na mwaka 2006 akawa Waziri wa Elimu. Januari 2023 rais na katibu mkuu wa CWT waliteuliwa kuwa wakuu wa wilaya. Sisemi mwalimu asiwe waziri, wala simlaumu anayeteuliwa. Ninachouliza ni kwamba, mtu anayeitazama meza ya mkurugenzi kwa matamanio, siku ya kuigonga meza hiyo kwa ajili ya malimbikizo yako ataigonga kwa nguvu gani?

Na mkuu wa shule anayegombea naye aulizwe. Mwalimu wake akiwa na malalamiko dhidi yake, ayapeleke kwa nani? Kwa yeye mwenyewe?

Najua mtaniambia, "Tatizo ni viongozi wa taifa, wilaya haina nguvu." Siyo kweli. Uchaguzi wa CWT unaanzia shuleni, kwenye tawi, ndipo unapanda wilaya, mkoa hadi taifa. Huyo wa Dodoma unayemlaumu alipigiwa kura na wajumbe waliotoka kwenye mikutano ambayo kijana mwenye digrii aliiona ni mambo ya wazee, akabaki ofisini anachezea simu. Wanaopenda ulaji hawakosi mkutano hata mmoja.

Wewe unayesoma hapa una dada, kaka au rafiki anayefundisha Sirari, Nyamwaga au Mugumu. Mpigie simu leo, mwambie tawi lake likiitisha mkutano aende, akae mbele, na mgombea akimaliza kujitaja ukoo wake amuulize kitu kimoja tu: mapato na matumizi viko wapi?