Tusome Mwisho wa Anwani Kabla ya Kutuma Pesa

Jamani, tumechoka kusikia mwenzetu kapoteza mshahara wa miezi mitatu kwa kubonyeza linki tu. Kosa letu ni moja: tunasoma mwanzo wa anwani, mwisho tunauruka. Kumbe mwenye tovuti anajulikana mwishoni mwa jina, kabla ya mkwaju (/) unaofuata. Jina linaloishia .go.ke ni la serikali ya Kenya, .go.tz la Tanzania. Mtu binafsi hapewi. Lakini .com analipia yeyote, hata tapeli. Ukiona go.tz katikati halafu jina linaishia .com, hiyo siyo serikali, kimbia! Alama ya kufuli nayo isikudanganye, matapeli wanayo pia. Jasho la ugenini tusiliache lipotee kwa haraka ya kidole.