Betri ya Simu na Joto

Wako wengi waaminio kwamba betri ya simu sharti iishe kabisa ndipo ichajiwe. Imani hiyo ni urithi wa betri za nikeli na kadimi. Haiifai betri ya ioni za lithiamu, iliyoanza kuuzwa mwaka 1991. Adui wake mkubwa ni joto, hasa seli inapojaa kufikia volti 4.2 hivi. Simu ichajiwayo juani, au chini ya mto usiku kucha, huzeeka mapema. Hasara hiyo si ya mwenye simu peke yake: kobalti ya betri nyingi hutoka Kongo, ambako wapo waichimbao kwa sururu. Mwalimu wa fizikia hahitaji maabara hapa. Wanafunzi wapunguze mwangaza wa kioo juma zima, kisha wahesabu mara walizochaji.